Usalama au Uhakika? Istilahi za Kawi katika Meko ya Nakuru

Utangulizi

Katika baraza moja lililofanyika viungani mwa Njoro, afisa aliyetumwa kuwaeleza wananchi mpango wa nishati alisoma kwenye karatasi yake kwamba lengo ni "kuimarisha usalama wa kawi kupitia ufanisi na kupunguza utegemezi wa gesi". Watu walinyamaza. Kisha nyanya mmoja aliyeketi safu ya mbele akainuka, akauliza kwa heshima ikiwa askari watakaolinda hizo nyaya watalala katika madarasa ya shule ya msingi au watajengewa kambi yao. Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa, na afisa mwenyewe alicheka.

Hata hivyo, swali la nyanya yule halikuwa la kipuuzi. Alilifasiri neno usalama kama ambavyo mzungumzaji yeyote makini wa Kiswahili angelifasiri. Kosa, kama lipo, ni la aliyelichagua. Makala haya yanaichunguza sentensi ile moja kwa kuzingatia istilahi zake tatu, yaani usalama, ufanisi na utegemezi, na kuzilinganisha na lugha inayotumika jikoni na sokoni kati ya Njoro, Nakuru na Naivasha. Tunashikilia kwamba istilahi hizo, kama zilivyo, zinamficha mwananchi jambo analolijua tayari, na hivyo kumnyima nafasi ya kulijadili.

Stima na mvuke

Ni vyema kuanza na jina la kitu chenyewe. Nchini Kenya magazeti husema Wizara ya Kawi. Nchini Tanzania ni Wizara ya Nishati. Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu, la kwanza likielekea maana ya nguvu na la pili maana ya uchangamfu. Hapa yatatumiwa kwa kubadilishana, kwa sababu mjadala wa lipi ni bora umekwisha kuwachosha wanafunzi wengi bila kuwasha hata taa moja.

Linalovutia zaidi ni neno stima. Lilipoingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza lilitaja meli iendeshwayo kwa mvuke. Nchini Kenya likahamia kwenye umeme, na walimu wetu wa shule ya msingi wakatuonya tusiliandike katika insha, eti ni neno la mitaani. Lakini tazama yaliyotokea. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981 ukiwa na megawati 15 tu, na kufikia 1985 kituo hicho kilikuwa na megawati 45. Olkaria II ilifuata mwaka 2003, Olkaria IV mwaka 2014 na Olkaria V mwaka 2019. Huko Menengai, kaskazini mwa mji wa Nakuru, Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi (GDC), iliyoundwa mwaka 2008, ilianza kuchimba visima mwaka 2011, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza wa kibinafsi, wenye megawati 35, ukaanza kutoa umeme. Leo zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini. Neno lililodhaniwa kuwa kosa limeifikia maana yake kwa mlango wa nyuma: stima yetu ni mvuke kwelikweli.

Aidha, mvuke wenyewe haukungoja mitambo. Wakazi wa Eburru kwa miaka mingi wameunasa kwa mabomba, wakaupoza na kupata maji ya kunywa katika mlima usio na mito ya kutegemewa; na pareto ilikaushwa kwa joto hilohilo tangu enzi za ukoloni. Shamba la maua la Oserian limepasha joto vibanda vyake vya mimea kwa njia hiyo, na Menengai kumefanywa majaribio ya kuchemshia maziwa.

Kitendawili kipo jikoni. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia za Kenya zilipikia kuni na takriban robo zilipikia gesi; waliopikia umeme walikuwa kama asilimia moja tu. Mama anayeishi chini ya Menengai huwasha taa kwa mvuke uliotoka chini ya miguu yake, halafu huchemshia uji kwa gesi iliyovuka bahari hadi Mombasa, au kwa makaa yaliyotoka msituni.

Usalama na uhakika

Neno usalama limejengwa juu ya salama, yaani hali ya kuepukana na hatari. Ndiyo maana nyanya aliwafikiria askari. Wenzetu wa Tanzania walikwisha kukutana na tatizo hili katika uwanja wa chakula, na aghalabu hutofautisha usalama wa chakula, kwa maana ya chakula kisichodhuru, na uhakika wa chakula, kwa maana ya chakula kitakachopatikana leo, kesho na msimu ujao.

Tofauti hiyo inahitajika mno katika kawi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, ikaua na kujeruhi watu. Hilo ndilo suala la usalama: mitungi, vituo vya kujazia gesi, umbali wake na makazi. Lakini Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, nchi za Ulaya zilizokuwa zimezoea kununua gesi kutoka Urusi zilikumbwa na jambo la aina nyingine. Mabomba hayakulipuka jikoni mwa mtu. Kilichotoweka ni imani kwamba gesi itakuwepo majira ya baridi na kwamba bei yake italipika. Julai mwaka huo Umoja wa Ulaya ulikubaliana kupunguza matumizi ya gesi kwa asilimia 15. Taarifa hizo zilipofasiriwa kwa Kiswahili, matukio ya namna hizi mbili yalibebeshwa neno moja. Tunapendekeza uhakika wa kawi kwa hili la pili, nalo usalama libakie na kazi yake ya asili.

Ufanisi, na majina ya majiko

Ufanisi lina tatizo jingine. Linatokana na kitenzi fana, na msikilizaji husikia mafanikio. "Ufanisi wa kawi" humjia kama kusema kwamba kawi imefaulu, pengine imepata cheti. Dhana inayokusudiwa ni finyu zaidi: kupata kazi ileile kwa kuchoma kidogo.

Dhana hii si ngeni hata kidogo. Nchini Tanzania kuna majiko banifu, istilahi iliyoundwa kutokana na bana. Ni istilahi nzuri kisarufi, ila nina wasiwasi nayo. Kubana matumizi ni kujinyima, na anayejinyima hula kidogo. Jiko zuri halimnyimi mtu; githeri huiva ileile.

Majina ya majiko yaliyosambazwa Kenya tangu miaka ya 1980 yanafundisha mengi. Jiko la kuni lililosambazwa kwa ushirikiano na Maendeleo ya Wanawake likaitwa Maendeleo. Baadaye, magharibi mwa Kenya, jiko la aina hiyo likauzwa kwa jina la Upesi. Kulikuwa pia na Jiko Kisasa. Majina haya yanasifu: moja linataja hadhi, jingine kasi, la tatu usasa. Lakini lipo la nne, Kuni Mbili, na hili halisifu chochote. Linahesabu. Anayelisikia anajua mara moja kwamba palipohitaji kuni tano sasa zinatosha mbili. Kwa maneno mawili ya kawaida jina hilo limefafanua dhana ambayo karatasi ya afisa ilishindwa kuifafanua kwa aya nzima. Sijui kama waliolibuni walikuwa wanaisimu, lakini wangestahili nafasi katika kozi yetu ya uundaji wa istilahi.

Jiko la makaa lenye kitovu cha udongo wa kuchomwa ndani ya bati, lililoenea mijini katika muongo huohuo, halikuhitaji hata jina. Inakadiriwa kwamba hupunguza makaa kwa kati ya thuluthi na nusu likilinganishwa na jiko la bati tupu, na katika soko la Nakuru muuzaji hulinadi kwa sentensi moja: hili halili makaa. Kitenzi kula ndicho kitenzi cha wenyeji kwa dhana hii. Gari hula mafuta, balbu hula stima, maharagwe yasiyolowekwa usiku hula kuni. Kwa bahati mbaya nomino yake, ulaji, imekwisha kutwaliwa na siasa za Kenya, na afisa atakayetangaza mpango wa "kupunguza ulaji wa kawi" atashangiliwa kwa sababu asizozitarajia.

Kwa hiyo, katika maandishi rasmi, tunaona afadhali tija ya nishati. Tija huuliza mtu amepata nini kwa kile alichotumia, na ndilo swali lenyewe. Mbele ya hadhira, mfasiri atumie kula bila haya.

Gesi na kutegemea

Neno meko lilikuwa wingi wa jiko, na likataja mahali pa mafiga. Leo mjini Nakuru ukimwambia kijana akuletee meko, atakuletea mtungi wa gesi wa kilo sita wenye kichomeo juu yake. Neno limehama kutoka kwenye mawe matatu hadi kwenye chuma, na maisha yamehama pamoja nalo: moshi umepungua, macho ya akina mama yamepumzika, na saa za kutafuta kuni zimerudi kwa wasichana wa shule.

Hapa ndipo sentensi ya afisa inapokuwa ya hatari, si ya kuchekesha tu. "Kupunguza utegemezi wa gesi" ni shabaha inayoeleweka kwa Mjerumani anayepasha nyumba joto kwa gesi ya bomba. Kwa mkazi wa Bondeni au Kaptembwa, gesi ndiyo ngazi aliyoipandia kutoka kwenye moshi. Ukimwambia aiache bila kumwambia aende wapi, atarudi kwenye makaa. Tumeona mfano. Julai 2021 ushuru wa ongezeko la thamani wa asilimia 16 ulirejeshwa kwenye gesi ya kupikia. Ulipunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, ukaondolewa Julai 2023. Katika miaka hiyo miwili, katika ploti niliyokuwa nikikaa, mitungi kadhaa ilikaa tupu chini ya vitanda, na mifuko ya makaa ikarudi kwenye veranda.

Kisarufi, utegemezi unadai kijalizo: kuacha kutegemea hiki ni kutegemea kile. Kijalizo kinachokosekana katika sentensi ile kipo Olkaria na Menengai. Sufuria ya umeme ya shinikizo huivisha maharagwe bila kufikisha yuniti moja ya stima. Kampuni ya kusambaza umeme imefanya hata kampeni ya upishi huo, ikaiita Pika na Power. Tunaipongeza kwa nia, ingawa hatuelewi stima ilikosea wapi hata ikanyimwa nafasi katika jina hilo.

Baada ya baraza nilimfuata nyanya, nikajaribu kumfasiria upya: kwamba serikali inataka pawe na uhakika wa moto wa kupikia, jiko lisile kawi nyingi, na watu wasingoje mtungi kutoka ng'ambo ilhali mvuke upo hapa nyumbani.

"Hilo nalielewa, mjukuu wangu," akasema. "Sasa rudi umuulize yule kijana: hiyo stima ya mvuke wetu, mbona tunauziwa ghali hivi?"

Afisa alikuwa ameshaondoka.