Je, Pikipiki Inahitaji Takometa?



Hivi karibuni tulikuwa na klabu ya afya ya wanafunzi hapa Ubaruku, wilayani Mbarali. Mada ilikuwa ajali. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Dada, bodaboda ya kaka yangu haina takometa. Si hatari hiyo?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Lilikuwa swali zuri kuliko alivyodhani mwenyewe. Hebu tulijibu pamoja.

TAKOMETA NI KITU GANI?

Ni geji inayoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika moja. Usiichanganye na spidomita! Spidomita inaonyesha pikipiki inakwenda kilomita ngapi kwa saa. Moja inapima injini, nyingine inapima mwendo.

Tufanye hesabu kidogo. Takometa ikionyesha 6,000, injini inazunguka mara 100 kila sekunde. Pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya mipigo minne, ambayo huchoma mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo ndani ya silinda mafuta yanalipuka mara 50 kwa sekunde. Ndiyo maana unasikia mngurumo, si mlio mmoja mmoja.

NANI ANAIHITAJI?

Anayeendesha pikipiki za mashindano anaihitaji sana. Injini yake ina nguvu kubwa ikizunguka kasi sana tu, na akipitiliza anaiharibu. Lakini pikipiki za kazi, zile za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria na magunia ya mpunga, nyingi zinatengenezwa bila takometa na zinafanya kazi vizuri tu.

Kwa nini? Kwa sababu dereva ana masikio. Injini ikitetemeka na kugonga, gia ni kubwa mno kwa mzigo ule: apunguze gia. Ikilia kwa sauti ya juu kama inapiga kelele, apandishe gia au apunguze mafuta. Ikinguruma kwa utulivu, mambo ni safi.

Ila kuna vijana wanaotoboa egzosi ili pikipiki ilie kwa fujo. Hao wanaharibu takometa yao wenyewe, yaani sikio! Wataalamu wanasema kelele za desibeli 85 zinaweza kuvumiliwa kwa saa 8 kwa siku. Zikifika 100, ni dakika 15 tu. Sikio likishaharibiwa na kelele, mara nyingi halirudi kuwa kama zamani.

HAPA NDIPO PENYE HATARI

Basi jibu ni hapana, bodaboda haihitaji takometa. Lakini sikiliza na hili.

Siku moja nilipanda bodaboda ambayo spidomita yake ilikuwa imekufa. Nikauliza. Dereva akajibu, "Usiwe na wasi dada, naisikia injini." Kweli, injini ilikuwa inanguruma kwa utulivu kabisa. Tulipofika kwenye kona karibu na mfereji, ng'ombe wakavuka. Akashika breki, tukateleza, tukaanguka. Mimi nilichubuka magoti. Kofia yangu ngumu ilipasuka, kichwa kikabaki salama. Hebu fikiria kama nisingeivaa.

Kosa lilikuwa wapi? Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika kwenye gia ya pili, mwendo ni mdogo. Mizunguko ile ile kwenye gia ya mwisho, mwendo ni mkubwa. Sauti inafanana, lakini kasi ni tofauti kabisa. Sikio linaweza kuchukua nafasi ya takometa, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya spidomita.

Nanyi wa fizikia mnajua: kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya mwendo inaongezeka mara nne. Anayekwenda kilomita 80 kwa saa anahitaji umbali mara nne wa kufunga breki kuliko wa kilomita 40. Na hiyo ni lami kavu, si tope la masika!

UFANYE NINI?

1. Kabla ya kupanda, tazama spidomita kama inafanya kazi. Waya wake ukikatika, fundi anaweza kuubadilisha.
2. Vaa kofia ngumu na ufunge mkanda wake. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kofia inapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.
3. Penye makazi, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa.
4. Usiogope kusema, "Kaka, punguza mwendo." Akikataa, mwambie asimame, ushuke. Kuchelewa kipindi cha kwanza si aibu. Aibu ni kunyamaza.

JIPIME

1. Pikipiki inakwenda kilomita 60 kwa saa. Dereva akichelewa sekunde moja kushika breki, itakuwa imekwenda mita ngapi?
2. Kwa nini injini iliyotulia inaweza kumdanganya dereva?
3. Jadilini: abiria mwanafunzi anawezaje kumwonya dereva aliyemzidi umri bila kumvunjia heshima?

Jibu la swali la kwanza ni mita 17 hivi. Nenda uwanja wa shule, hesabu hatua 17 ndefu, kisha ugeuke utazame ulikotoka. Ndio umbali wa kufumba na kufumbua.