Tupande Mukombero Nyumbani

Ndugu wakulima, mukombero tunaotafuna hapa Kakamega, na ule unaouzwa mpaka Nairobi, mwingi hutoka msituni. Wachimbaji wengi hung'oa mmea mzima, na mmea uking'olewa ndio umekwisha. Basi tuupande kwetu.

Maganda yake huzaa mawili mawili, yametanuka kama pembe za ng'ombe. Yakianza kukauka yachume haraka kabla hayajapasuka, maana mbegu zina pamba na upepo utazibeba zote. Usizihifadhi hadi msimu ujao. Mbegu ikikaa inakufa. Zipande zikiwa bado mpya katika makopo yenye matundu, udongo na samadi iliyooza, chini ya kivuli. Miche ikianza kutambaa, ihamishie karibu na mti imara. Lusiola pale mpakani inafaa sana.

Sasa kuvuna, hapo ndipo watu huharibu. Ngoja kama miaka miwili hivi. Fukua upande mmoja tu, kata mizizi michache iliyonenepa, usiguse shina, halafu rudisha udongo. Upande wa pili uache mpaka mwaka mwingine.