Mozaiki na mistari kahawia: ADN na ARN ndani ya muhogo wetu

Swali moja linarudi kila tunapopita katika koperative: "Mulituletea miti ya muhogo yenye haishikwe na mozaiki, na kweli majani yanatoka mazuri. Sasa namna gani tunachimba na kukuta muhogo umeoza ndani, rangi ya kahawia, mukavu sawa kizibo?"

Wandugu, huo ni ugonjwa mwingine. Wa kwanza ni mozaiki, wa pili ni mistari kahawia. Yote miwili inaletwa na virusi, na yote miwili inabebwa na wale inzi wadogo weupe wa chini ya majani. Lakini kirusi cha mozaiki kimeandikwa kwa ADN, na kile cha mistari kahawia kwa ARN. Tofauti hiyo haionekane kwa macho, lakini iko na kazi yake mpaka kwa jani lenye unachuma kupeleka laboratwari. (Mabango yenye yanatoka Kenya ao Tanzania yanaandika DNA na RNA. Ni kitu kimoja.)

Tuanze na ADN. Fikirieni uzi mrefu sana, umejengwa kwa vipande vinavyofuatana. Kila kipande iko na vitu vitatu: sukari (si ile ya chai), fosfati, na herufi moja. Fosfati munaijua, njo ile P ya gunia ya NPK. Herufi nazo zimejengwa na azoti mingi, ile N. Kwa hiyo sehemu ya mbolea unayotia shambani inaenda kuandika maandishi ya ndani ya muhogo. Sukari na fosfati zinashikana kwa zamu na kufanya mugongo wa uzi. Herufi zinakaa pembeni.

Herufi za ADN ni 4: A, T, G na C, maana yake adenini, timini, guanini na sitozini. Nyuzi mbili zinaangaliana na kushikana kwa herufi zao, A kila mara na T, G kila mara na C. A na T wanashikana kwa mikono 2 ya hidrojeni, G na C kwa mikono 3. Kisha ngazi nzima inajipinda sawa kamba iliyosokotwa. Umbo hilo lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, wakitumia picha zilizotoka katika kazi ya Rosalind Franklin, mwanamuke ambaye wakati ule hakupewa heshima yote aliyostahili.

Nyuzi mbili zina faida. Upande mmoja ukiharibika, upande mwingine unaonyesha herufi gani ilikuwa pale. Maandishi kamili ya muhogo ni jozi za herufi karibu milioni 750, zimepangwa katika kromozomu 18, na kila chembe inabeba nakala mbili. Ukikata muti na kuupanda, maandishi hayo yanaenda karibu bila kubadilika. Njo maana shamba lote linafanana na muti-mama.

Sasa ARN. Ndani ya muhogo, ADN ni sawa kaye kubwa ya koperative yenye sekretere anafungia ndani ya sanduku. ARN ni karatasi yenye ananakili kutoka kaye hiyo, inapelekwa kwa wafanyakazi, inasomwa, kisha inatupwa. Kwa kawaida ni uzi mmoja tu. Pahali pa T, yenyewe inaandika U, urasili, ambayo ni timini iliyokosa tawi moja dogo la kaboni na hidrojeni.

Tofauti yenye inatuhusu zaidi iko kwa sukari. Sukari ya ARN inaitwa ribozi, na kwa kaboni yake namba 2 inabeba oksijeni na hidrojeni, OH. Sukari ya ADN, pale pale, iko na hidrojeni tu. Jina lenyewe linasema: deoksiribozi, ribozi iliyopungukiwa oksijeni. Oksijeni moja! Lakini ile OH inaweza kugeukia fosfati ya jirani na kuukata mugongo wa uzi. Munajua maji ya majivu namna yanavyochoma mikono. ARN ikiingia katika maji makali ya namna hiyo, zaidi yakiwa moto, inakatika vipande vipande. ADN ndani ya maji yaleyale, nyuzi zake mbili zinaachana, lakini mugongo unabaki.

Tena kuna vimeng'enya vyenye kazi yao ni kukata ARN. Viko karibu kila pahali: kwa vidole vyetu, ndani ya jasho, ndani ya jani lililopondwa.

Turudi kwa virusi vyetu. Kirusi cha mozaiki kinabeba pete mbili za ADN, kila moja karibu herufi 2.800. Ajabu ni kwamba ADN hiyo ni ya uzi mmoja. Ule wa pili unatengenezwa kisha kuingia katika chembe ya muhogo. Kirusi cha mistari kahawia ni uzi mmoja wa ARN, karibu herufi 9.000. Chenyewe kikiingia, muhogo unakisoma palepale, ukizani ni karatasi ya sekretere wake.

Mashini yenye inanakili ARN ya kirusi hairudie kusoma ilichoandika, basi makosa yanabaki na kirusi kinabadilika mbio. Lakini musizani kirusi cha ADN kinatulia. Mozaiki kali iliyoharibu mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, na kisha ikafika kwetu mashariki, ilitoka kwa virusi viwili vya mozaiki vilivyochanganya vipande vya maandishi yao ndani ya muhogo mmoja.

Muhogo uliochaguliwa juu unashinda mozaiki haukuchaguliwa juu ya mistari kahawia. Kuna aina nzuri sana zenye zinasimama mbele ya ule wa kwanza na kuanguka mbele ya ule wa pili.

Kwa kuchuma majani ya kupimwa: mozaiki muitafute kwa majani machanga ya juu, yale yaliyojikunja na madoa ya njano. Mistari kahawia muitafute kwa majani ya chini yaliyokomaa, njano ikifuata mishipa, jani likibaki limenyooka. Njo pale watu wengi wanadanganyika, wanasema shamba ni safi. Jani musiliponde, muliweke kati ya karatasi kavu za gazeti, mubadilishe karatasi kila siku mpaka likauke. Kulifungia ndani ya sashe ya plastiki juani ni kuharibu ARN mbele ya kufika.

Katika laboratwari, ARN inageuzwa kwanza kuwa ADN, kwa kimeng'enya kilichovumbuliwa mwaka 1970, njo inapimwa. Kipimo cha mozaiki hakiombi hatua hiyo. Basi karatasi ya majibu ikiandika "mozaiki: hapana", haijasema neno juu ya mistari kahawia. Muulize: mulipima yote miwili?

Na kama laboratwari iko mbali, mbele ya kugawana miti ya kupanda muchimbe mashina kadhaa pande zote za shamba, mukate kila muhogo vipande kutoka kichwa mpaka mukia. Shina lenye muhogo wake uko na doa la kahawia, miti yake isitoke katika shamba lile.