Taa gani itafaa mboga za ndani?

SWALI: Mtaalamu, naishi ghorofani, jikoni hamfiki jua. Nataka kuotesha dania na mchicha kwenye rafu ya sentimita 60 kwa 60. Taa za LED ni nyingi madukani, bei zinapishana mno. Nichague ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue kwa namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Taa ya “wati 1000” huenda ikala wati 100 tu. Uliza inakula umeme kiasi gani hasa, kisha uliza inatoa mikromoli ngapi za mwanga kwa kila jouli. Ikifika 2.5, hiyo ni taa nzuri. Usitegemee lumeni, kwani hizo hupima mwanga kwa jicho la mtu, si kwa jani.

Kwa rafu yako, wati halisi 40 zinatosha mboga za majani. Nyanya na pilipili zingehitaji zaidi ya mara mbili. Chagua mwanga mweupe. Mmea huutumia vizuri, nawe utaona mapema jani likianza kugeuka njano.

Itundike sentimita 25 hivi juu ya majani. Miche ikirefuka na kuwa myembamba, ishushe. Majani yakipauka, ipandishe. Iwashe saa 14 hadi 16 kwa siku, kwa swichi yenye saa. Wati 40 kwa saa 16 ni yuniti 19 hivi kwa mwezi, kwa hiyo piga hesabu ya umeme kabla ya kununua.