Niombe Nini Sasa?

Somo la mwezi huu: Marko 14:32–42, 2 Wakorintho 12:7–10

Mama mmoja wa mtaa wetu alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Tulikwenda kumtembelea na Biblia zetu, na maneno tuliyokwisha kuyatayarisha njiani. Alikuwa ameufunika mguu kwa kanga, wala hakutaka mtu auone, hata binti yake. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mwaka mzima mmeomba nisikatwe mguu, nami nimeomba. Umekatwa. Niombe nini sasa?" Mmoja wetu akaanza kueleza habari za imani. Twamshukuru Mungu kwamba mjukuu aliingia na chai.

Swali lile ndilo somo letu.

Tumtazame Bwana wetu Gethsemane. Wengi hudhani kwamba kujikabidhi kwa Mungu ni kuacha kuomba, kama mtu aliyekata tamaa asemaye, "Basi, liwalo na liwe." Yesu hakufanya hivyo. Aliomba waziwazi kikombe kiondolewe, wala hakuona haya kusema alilotaka. Ndipo akayaweka mapenzi ya Baba mbele ya yake. Tena Marko atuambia kwamba alirudi akaomba kwa maneno yale yale. Kama yeye alirudia, sisi tusishangae tukirudia. Wala tusisahau alikuwa akisema na nani. Alijikabidhi kwa Baba, si kwa bahati. Sasa angalieni mstari wa 42. Kikombe hakikuondolewa, lakini yule aliyekuwa ameanguka chini amesimama, anawaamsha wenzake waliolala, na anakwenda kuwakabili waliokuja kumkamata.

Paulo naye aliomba mara 3 mwiba wake uondolewe. Maandiko hayasemi mwiba huo ulikuwa nini, na pengine ni vema, maana kila mmoja wetu aweza kuuweka wake mahali pale. Mwiba ulibaki, naye akapewa neema. Basi wakija watu wa kumwambia mgonjwa kwamba hakupona kwa kuwa hana imani, waulizeni kama wangethubutu kumwambia Paulo hivyo.

Katika nyakati zilizo karibu nasi zaidi twamkumbuka Amy Carmichael, mzaliwa wa Ireland, aliyefika India mwaka 1895 na hakurudi kwao tena. Huko Dohnavur, kusini mwa nchi ile, alilea watoto wengi, hasa wasichana waliookolewa wasitolewe kwa mahekalu. Asubuhi ya tarehe 24 Oktoba 1931 alimwomba Mungu amtendee lolote litakalomfanya afae zaidi katika utumishi. Jioni ile ile alitumbukia shimoni gizani, akavunjika mguu. Sisi hatuthubutu kusema kwamba Mungu ndiye aliyemsukuma. Lakini hakupona. Miaka yake iliyobaki, mpaka alipofariki mwezi Januari 1951, aliishi zaidi chumbani mwake, na maumivu hayakumwacha. Humo aliandika vitabu, na kimoja, kilichotoka mwaka 1933, kilikuwa barua za mgonjwa kwa wagonjwa wenzake. Alikuwa ameona kwamba maandishi ya kufariji wagonjwa yaliyoandikwa na watu wazima wa afya hayamsaidii. Tuliposoma hayo tulikikumbuka kile kikombe cha chai.

Neno moja kwa ufupi: kukubali si kuacha dawa. Mwenye kisukari achome sindano yake, ahudhurie kliniki yake. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpenzi.

Je, mtu asalije? Jioni, kabla ya kulala, mwambie Mungu kwanza unalolitaka, hata kwa machozi. Kisha weka mikono magotini, viganja vikitazama juu, ulitaje jambo lenyewe kwa jina lake: mguu huu, au hofu hii ya kuwa mzigo kwa wanangu. Mwachie. Kesho pengine utakuta umelichukua tena. Mwachie tena, usione haya.

Baada ya majuma mawili tulirudi kwa yule mama, safari hii bila maneno. Tulisoma Marko polepole. Tulipofika pale Bwana aliporudia maneno yale yale, alituzuia: "Someni tena hapo." Tukasoma. Akanyamaza kitambo, kisha akaomba mwenyewe. Alimwambia Mungu kwamba alimkasirikia, na sisi pia alitukasirikia. Kwamba aliutaka mguu wake. Na kwamba sasa anamwachia. Akaomba nguvu za kufika jikoni kwa magongo.

Tulipokuwa tukiaga aliivuta ile kanga kando, akamwita binti yake alete maji na bandeji.