Bolti Juu ya Plastiki: Usiishie Kwenye Mkazo wa Siku ya Kwanza

Bolti inayobana chuma kwa chuma, ukishapiga hesabu ya siku ya kukaza umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Kwenye plastiki huo ni mwanzo tu. Plastiki iliyobanwa huendelea kubonyea taratibu, na nguvu ya kubana hupungua bila mtu kuigusa nati.

Kabla ya kufungua programu ya kuiga mkazo, shika kalamu. Chukua bolti ya M6 inayobana kifuniko cha nailoni 66, imekazwa kwa Nm 5. Gawanya 5 kwa 0.2 mara kipenyo cha mita 0.006: unapata karibu N 4,200. Ile 0.2 ni makadirio ya msuguano, na ukipaka grisi itashuka. Washa ya milimita 12 hulaza mzigo huo kwenye milimita za mraba 80 hivi, yaani MPa 52. Kwa nailoni iliyokwisha kunyonya unyevu, hapo ni hatari. Weka washa ya milimita 18, mkazo unashuka hadi MPa 19. Hakuna programu itakayokupa faida kubwa hivyo kwa bei ndogo hivyo.

Sasa ingia kwenye kompyuta, lakini usimwage mizigo yote kwa mkupuo. Kaza bolti kwanza, kisha funga urefu wake ili nguvu iwe huru kupanda na kushuka. Nyuso zinazogusana zipe msuguano. Ukizigandisha utapata picha nzuri ya uongo.

Halafu pasha joto. Nailoni isiyo na nyuzi za kioo hutanuka mara sita au saba zaidi ya chuma. Joto likitoka nyuzi 23 hadi 80, unene wa milimita 10 huizidi bolti kwa takribani milimita 0.04. Bolti inaizuia, plastiki inabonyea ikiwa moto. Ikipoa inanywea, na bolti inabaki imelegea. Kwa hiyo ni lazima upashe, usubiri, kisha upoze, ukitumia data ya kubonyea ya joto husika, siyo ugumu mmoja wa karatasi ya kiwanda.

Kwenye kona kali ya tundu, mkazo utazidi kupanda kila ukipunguza ukubwa wa vipande vya wavu wa hesabu. Usiamini namba hiyo, viringa kona kwanza.

Nguvu ya kubana iliyobaki ikiwa haitoshi, tia bushi ya chuma ndani ya tundu, fupi kidogo kuliko plastiki, na uiige kwa vipimo vyake vya juu na vya chini.