Somo la Viungo vya Mwili na Mtoto Asiyekimbia Asubuhi

Mwalimu mwanafunzi apangiwapo mazoezi ya kufundisha huko Mkata, au penginepo katika Handeni na Korogwe, huenda akakuta somo la viungo vya mwili limezoea kufundishwa kwa mchoro wa ubaoni tu. Twaona mchoro hautoshi. Katika makala haya tumekusudia kueleza jinsi ya kulifundisha somo hilo kwa zana ya kweli, kisha kuonyesha kwa nini elimu hiyo yamhusu mwalimu mwenyewe kabla ya kumhusu mwanafunzi.

Mkata ni kituo katika barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, na mguu wa mbuzi si kitu cha kutafutwa mbali. Mwombe mwenye bucha akuachie goti la mguu wa nyuma likiwa zima, lisipigwe shoka. Nenda mapema, ukichelewa utalikuta limekwisha ingia katika sufuria ya supu.

Darasani, wanafunzi waukunje na kuukunjua mguu kwanza, waone kwamba waenda mbele na nyuma kama mlango katika bawaba. Ndipo ukate taratibu. Watakutana na kano, nyuzi nyeupe ngumu zifungazo mfupa kwa mfupa. Chini yake pana mfuko, na upande wa ndani wa mfuko huo pana utando laini utoao ute. Waache waguse: wateleza kama ute wa yai. Mwisho wataona gegedu, vazi jeupe ling'aalo lililofunika ncha za mifupa. Waulize mbona likikatwa halitoi damu. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa hiyo likisagika haliponi upesi, na mara nyingi mtu huanza kusikia maumivu uharibifu ukiwa umekwisha fika mbali.

Hapo ndipo mwanafunzi atakapouliza juu ya bibi yake. Watu wengi huyaita maumivu yote ya viungo baridi yabisi, yaani baridi na ukavu, maneno ya asili ya Kiarabu yaliyotokana na utabibu wa kale. Mwalimu asilicheke jina hilo, lakini asilifanye kuwa maelezo. Bibi aliyelima kwa jembe maisha yake yote, goti lake laweza kuuma kwa kuwa gegedu limelika. Mwingine huvimba vidole vya mikono yote miwili kwa sababu kinga ya mwili imeushambulia ule utando. Jongo, lipendalo dole gumba la mguu, huletwa na chembe za asidi ya yuriki zilizoganda ndani ya kiungo. Na chikungunya, ugonjwa wa virusi viletwavyo na mbu, ulipata jina lake kutoka Kimakonde kwa jinsi unavyomkunja mgonjwa. Ulielezwa baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika.

Lakini hatuandiki kwa ajili ya bibi. Tulipokuwa wageni katika kazi hii, tulikuwa na mwanafunzi wa darasa la nne asiyekimbia mchakamchaka. Kila asubuhi alijivuta nyuma ya wenziwe. Ikifika saa sita mchana yumo uwanjani anacheza mpira. Tukamhukumu kuwa mvivu na mwongo, tukampigisha magoti mbele ya mstari. Magoti! Hatukujua kwamba viungo vinavyokakamaa asubuhi na kulegea jua linapopanda ni dalili kubwa ya utando uliovimba. Mtoto wa chini ya miaka 16 ambaye kiungo chake kimevimba wiki 6 au zaidi pasipo sababu nyingine huenda ana ugonjwa wa viungo wa utotoni, na una dawa.

Kuna jambo jingine la hatari zaidi. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 huumwa koo kwa bakteria aitwaye streptokoki, akapona. Baada ya wiki 2 au 3 homa yarudi. Goti lavimba, kesho kutwa kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Maumivu huhama, halafu hutoweka yasiache kilema chochote. Mzazi hushukuru, mwalimu husahau, kumbe vali za moyo zimekwisha jeruhiwa. Miaka ikipita mtoto hushindwa kupanda kilima kwa kukosa pumzi, na wengine huhitaji upasuaji wa moyo.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, maumivu yahamayo baada ya koo yasingojwe yaishe. Mwite mzazi, mtoto apelekwe kwa mganga. Mwenye selimundu naye huumwa mifupa na viungo, asidhaniwe anajisingizia. Na kiungo kimoja kilichovimba, chenye moto, mtoto akiwa na homa kali na hawezi kukikunja, kipelekwe hospitali siku hiyo hiyo: usaha waweza kulila gegedu kwa siku chache tu.

Aliyethibitishwa kuwa na homa ile ihamayo huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili isimrudie. Siku ya sindano ikiangukia siku ya shule, mruhusu aende, na katika daftari la mahudhurio usimwandike mtoro.